Watoto wawili, nyumba moja, darasa moja, mmoja wa 9 mwingine wa 187. Tatizo ni kichwa au nini?

Fundi Nondo

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanikereketa wiki nzima nimeona nilimwage humu maana humu kuna walimu, kuna wazazi, na kuna wale wajuaji wa kila kitu nao karibuni.

Mimi niko Dodoma, nina kaduka ka hadiwea Nkuhungu. Nyumbani nina binti yangu wa kwanza na nina mtoto wa marehemu kaka, tumwite Jumanne (sio jina lake), nilimtoa kijijini huko Mpwapwa ndani ndani alipomaliza la saba kwa sababu sekondari ya kule ni mbali na mama yake hana uwezo, nikahangaikia uhamisho mpaka ukakubali. Hawa watoto wamepishana miezi minne tu. Binti msingi alisoma inglishi midiamu, biashara ilipoyumba nikasema sekondari aende ya kata kama watoto wa wenzangu, kwa hiyo saivi wote wako kata, kidato cha pili, mkondo mmoja, mwalimu mmoja, ubao mmoja. Nyumbani chakula ni sufuria moja. Sare niliwanunulia siku moja, duka moja.

Juzi matokeo ya nusu muhula yametoka. Wako 203. Binti wa 9. Jumanne wa 187. Hesabu ana 11. Kumi na moja wakuu, chini ya mia.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Wiki hiyo hiyo alikuja mteja dukani anataka simenti mifuko 14, misumari kilo tatu na nusu, na guta la kumpelekea. Mimi napapasa mifuko natafuta simu nipige kikokotoo, dogo kashajibu, "ba'mdogo ni laki mbili sitini na tisa, kama ana laki tatu mrudishie thelathini na moja." Siku hiyo simenti ilikuwa 17,500, misumari 4,000, guta 10,000. Mteja alivoondoka nikapiga taratibu kwenye simu, iko vilevile. Na alikuwa anaongea huku kabeba mfuko begani.

Mke wangu anasema mtoto ni mzito, ukoo wenu ndio ulivo (asante mke wangu). Mwalimu wa darasa kwenye ripoti kaandika "aongeze bidii" basi, hakuna kingine. Rafiki yangu kaniambia usipoteze muda mpeleke VETA akasomee umeme. Sina ubaya na VETA, ila mtoto mwenyewe anataka kusoma, usiku namkuta kakodolea daftari mpaka saa tano anasinzia juu yake.

Swali langu: kama mazingira saivi ni yale yale kwanini matokeo mbingu na ardhi? Ni akili ya kuzaliwa, au yale maisha aliyotoka nayo kule bado yanamfuata mpaka mjini? Na kama yanamfuata mimi nifanyeje, mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba na akikwama anarudia darasa.

Koroboi Halisi

Mkuu acha kutafuta mchawi. Mimi kwetu tumezaliwa tisa, mzee mkulima wa mtama, nimesoma kwa koroboi mpaka asubuhi ukipenga kamasi linatoka jeusi, viatu nimevaa kwa mara ya kwanza naingia kidato cha kwanza na vilikuwa vya kaka vinanipwaya nikajaza magazeti. Leo ni mhandisi na nina nyumba mbili. Watoto wa masikini wanatoboa kila mwaka na watoto wa mabosi wanapata ziro kila mwaka, hizi habari za mazingira mazingira ni vichaka vya kujifichia wavivu. Juhudi tu. Mwambie dogo aachane na simu.

Fundi Nondo

Hana simu mkuu.

Koroboi Halisi

Basi aachane na marafiki wabaya.

Mama Wawili

Naweka kigoda hapa nasubiri walimu waje, na mimi nina wa kwangu wa hivohivo.

Ticha wa Kata

Nimekuja. Hao kina Jumanne ndio kazi yangu, mwaka wa 12 huu nafundisha Jiografia na Historia shule ya kata, ya kwetu ilijengwa lile wimbi la 2006 wakati wa waziri mkuu Lowassa, zile watu walizokuwa wanaziita yeboyebo na walimu wake wa wakati ule wakiitwa voda fasta, yaani waliopikwa haraka haraka. Kwa hiyo naongea ninachokiona sio nilichosoma.

Mkuu umesema mazingira ni yale yale. Hapana. Anza na lugha. Binti yako Kiingereza kakianza na chai ya maziwa, ana miaka mitatu minne yuko beibi klasi anaimba vichwa mabega magoti kwa Kiingereza. Jumanne na wenzake kwa mtaala waliosomea, la kwanza na la pili ilikuwa kusoma kuandika kuhesabu kwa Kiswahili, Kiingereza kikaja la tatu kama somo, na somo lenyewe huko kijijini mwalimu analifundisha kwa Kiswahili maana na yeye hakijui vizuri, tusifichane. Miaka saba anasoma kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, hisabati kwa Kiswahili, afu anaingia kidato cha kwanza, wiki chache za kuzoeshwa lugha, halafu baada ya hapo karibu kila kitu kimegeuka kuwa Kiingereza. Sera ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, tukashangilia pale stafurumu, ile iliyorekebishwa 2023 ikaturudisha palepale, sekondari ni Kiingereza.

Na nikwambie darasani inakuaje. Naandika ubaoni kwa Kiingereza, naeleza kwa Kiswahili, mkaguzi akipita dirishani nabadili gia. Watoto wananakili. Unawauliza mmeelewa, darasa zima "yes sir". Nikimwinua mmoja aniambie kilichoandikwa ubaoni kina maana gani anaangalia chini, na hapo ubao mzima upo kwenye daftari lake, mwandiko mzuri, kapigia na mistari kwa rula. Jumanne wako kukodolea daftari mpaka saa tano usiku sio uvivu, huyo anakariri michoro. Mtoto kama binti yako hapohapo ananyanyua mkono, na sisi walimu ni binadamu, ukiwa na watoto 70 na kipindi cha dakika 40 unafundisha wale wanaokujibu. Wale watano wa mbele ndio wanabeba kipindi, na ukienda kwao ukachunguza utakuta wanne walipita inglishi midiamu au mzazi mmoja ni mtumishi.

Sasa fanya jaribio hili leo leo. Chukua ile karatasi ya hesabu aliyopata 11, kaa nae, usimwelekeze njia wala kumsaidia kitu chochote, msomee swali kwa Kiswahili tu halafu nyamaza. Urudi hapa utuambie.

La pili ni tumbo, japo kwako sidhani kama ndio shida ila nalisema kwa ajili ya Mama Wawili na wengine. Ada imefutwa tangu Januari 2016, ilikuwa 20,000 kwa mwaka kutwa na 70,000 bweni, na kidato cha tano na sita ikafuatia 2022. Ni jambo kubwa, madarasa yamejaa, watoto ambao zamani wangekuwa wanachunga saivi wako shule. Ila ada haikuwahi kuwa ndio gharama yenyewe. Gharama ni sare, madaftari, nauli au geto la kupanga kwa wanaotoka mbali, na chakula cha mchana. Kwetu chakula wazazi wanachangia mahindi na maharage. Saa saba kengele ikilia utaona darasa linagawanyika mara mbili bila mtu kutamka neno. Ambao kwao wametoa wanachukua sahani wanapanga foleni jikoni. Ambao hawajatoa wanaenda chini ya mwarobaini, wanafungua madaftari wanajifanya wanasoma, na harufu ya maharage inawafuata hukohuko. Kipindi cha saa nane nikiingia sihitaji kuuliza nani kala. Halafu mwisho wa mwaka wote wanafanya mtihani mmoja na tunasema fulani ana akili fulani hana.

La tatu nakuuliza, na ujibu kwa ukweli hakuna anayekujua humu. Jumanne anaamka saa ngapi? Akitoka shule anafanya nini? Na binti akitoka shule anafanya nini?

Koroboi Halisi

Ticha unatetea uvivu wa walimu kwa kusingizia lugha. Na mimi nimesoma Kiswahili msingi, na Kiingereza nilikikuta hukohuko mbele, mbona nimetoboa.

Ticha wa Kata

Hongera kaka, kwa moyo kabisa. Swali dogo tu. La saba mlikuwa wangapi na waliochaguliwa kwenda sekondari wangapi?

Koroboi Halisi

Tulikuwa 74. Tulienda wawili. Ila wakati huo nafasi zilikuwa chache nchi nzima usilinganishe.

Ticha wa Kata

Huyo mwingine mtoto wa nani?

Koroboi Halisi

Wa mwalimu mkuu.

Mama Wawili

😂😂😂 jamani

Koroboi Halisi

Haya nimekaa. Lakini bado nasema juhudi ina nafasi yake.

Mkufunzi Mstaafu

Nimefundisha chuo cha ualimu miaka mingi, nina muda, mnivumilie mzee nikizunguka.

Bwana Fundi swali lako watu wamelitolea jasho. Marekani mwaka 1966 yupo bwana mmoja wa sosholojia, James Coleman, aliongoza utafiti mkubwa wa serikali wa wanafunzi kama laki sita. Wengi walitegemea arudi aseme watoto weusi wanafeli kwa sababu shule zao hazina maabara na vitabu. Akarudi na jibu lililowakera wengi, kwamba tofauti za matokeo zinafuata zaidi nyumba anayotoka mtoto na wenzake anaokaa nao darasani kuliko majengo na vifaa. Kuna watu wakalidaka hilo wakasema basi shule haina kazi, tusihangaike nayo.

Lakini ngoja. Mmarekani mwingine, Stephen Heyneman, alikuja hapa jirani Uganda miaka ya 70 akaangalia watoto wa msingi, akakuta hali ya wazazi haielezi matokeo kwa kiasi kile cha Marekani. Mwaka 1983 yeye na mwenzake William Loxley wakalinganisha nchi 29, tajiri na masikini, wakaona kadiri nchi ilivyo masikini ndivyo shule yenyewe na mwalimu wanavyozidi kuwa na uzito kuliko nyumbani. Wapo waliokuja kubishana nao baadae na mimi nadhani kwa jinsi tabaka la kati lilivyokua huku kwetu ukipima leo Dodoma mjini utapata kitu tofauti na kijiji cha Uganda cha wakati ule. Lakini ni habari njema kwa Ticha wa Kata. Mwalimu mzuri akimpata mtoto asiye na kitu nyumbani, anamnyanyua kuliko anavyomnyanyua mtoto ambaye nyumbani tayari ana kila kitu.

Kuna Mfaransa, Pierre Bourdieu, nilikuwa nawafundisha wanachuo wanasinzia, alisema urithi sio pesa na mashamba tu, kuna mtaji hauonekani benki. Nikitaka waamke nilikuwa nawapa mfano wa kwetu. Nyumba moja kuna gazeti, kuna baba anayesoma barua ya benki kwa sauti, kuna shangazi nesi anakuja Jumapili anamwuliza mtoto "enhe, unataka kuwa nani?" na anasubiri jibu. Nyumba nyingine kitu chenye maandishi ni kalenda ya chama na kadi ya kliniki, na mtu mzima akiongea mtoto anakaa kimya, hiyo ndio adabu. Ni adabu nzuri kabisa, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Ila shule ya sekondari inatuza mtoto wa nyumba ya kwanza, inamwita mchangamfu, na yule wa pili inamwandikia "aongeze bidii".

Na Mwingereza Basil Bernstein aliona hata watoto wa lugha moja, Kiingereza chao cha nyumbani cha watoto wa vibarua sio kile shule inachokitaka. Sasa huyo Jumanne wa Mpwapwa mimi nina shaka hata Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni, nyumbani wanaongea Kigogo. Kwa hiyo Kiingereza kwake ni lugha ya tatu na yuko darasa moja na mtu ambaye kwake ni kama ya kwanza na nusu.

Halafu hili la nani anatoka nyumba gani nchi hii tumelijua siku nyingi. Kilimanjaro na Bukoba walitangulia sio kwa sababu wana vichwa vikubwa, walipata misheni mapema na walipata kahawa, misheni ikaleta shule na kahawa ikaleta pesa ya kuilipia. Mwalimu Nyerere aliliona, ndio maana kukawa na utaratibu wa kugawa nafasi za sekondari kwa mikoa, na Azimio la Musoma 1974 likataka kila mtoto awe shule ya msingi ifikapo 1977. Yalikuwa na kasoro zake, madarasa chini ya miti na walimu wa kuokoteza, siwezi kuyasifia yote. Lakini bwenini nililala kitanda cha chini, cha juu mtoto wa mkurugenzi, na uji ukiungua tumeungua wote. Miaka ya 90 shule binafsi zikafunguliwa mlango, hao wa vitanda vya juu wakahama mmoja mmoja. Leo shule ya kata choo kikibomoka hakuna mkubwa ambaye mwanae kakosa pa kwenda.

Fundi Nondo

Shikamoo mkufunzi. Ticha nimeyaona maswali yako, nitajibu, nipe kidogo niko dukani.

Mwana wa Kuletwa

Nimekuwa msomaji tu humu miaka na miaka leo acha niandike.

Fundi Nondo mimi nilikuwa Jumanne. Nililetwa mjini kwa mama mkubwa nikiwa na miaka 12, walinipokea vizuri, sijawahi kupigwa, sijawahi kunyimwa chakula, naomba hilo lieleweke maana watu wakisikia mtoto wa kuletwa wanafikiria mateso. Hapakuwa na mateso.

Siku naondoka kijijini mama alinifungia khanga yake kwenye kimfuko, akaniambia sentensi moja, "huko unaenda kwa watu, usiwe mdomo." Basi. Hiyo ndio elimu niliyokuja nayo mjini na niliishika vizuri kuliko zote. Sikuwa mdomo nyumbani na sikuwa mdomo darasani. Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, ila kunyoosha mkono mbele ya watoto wa mjini na lafudhi yangu ile, siwezi. Nimemaliza vidato vinne nadhani nilinyoosha mkono mara tatu, na moja naomba ruhusa ya chooni.

Binamu zangu daftari likijaa wanasema tu "mama daftari limeisha" huku wanatafuna, hata hawasimami. Mimi hiyo sentensi ilikuwa inanichukua siku nne. Nakaa nayo, nafika mlangoni kwa mama mkubwa, narudi. Nikaona rahisi nichukue ufutio nifute daftari la zamani nililoandika kwa penseli niandike upya juu yake. Yale ya kalamu ya wino nilikuwa naandika katikati ya mistari. Mwalimu wa Baiolojia akanichapa kwa uchafu wa kazi. Sikumwambia mtu.

Na kazi za nyumbani hakuna aliyenituma. Nani anituma? Niliona mwenyewe kwamba nalishwa, nikaamka kabla ya wote nikafagia, nikawasha mkaa, nikabandika chai, na kila mtu akasema huyu mtoto ana adabu jamani, basi ikawa ndio nafasi yangu pale ndani. Binamu yangu akiosha vyombo anasaidia, mimi nikiacha kuosha nimekuwa mvivu. Mama mkubwa hakuwahi kuliona hilo na mimi hata leo siwezi kumwambia, ni mtu mzima, anaumwa sukari na ananipenda.

Nilipata divisheni foo. Mdogo wa binamu zangu ambaye nilikuwa namsaidia hesabu za la tano la sita yuko hospitali moja kubwa saivi, daktari. Mimi nina saluni, sio kwamba nalia, nakula vizuri. Ila ukiniuliza kama ilikuwa kichwa, nakujibu ulizeni daftari.

Kwa hiyo usimsubiri Jumanne aombe. Hataomba.

Mama Wawili

Dada umeniliza asubuhi yote hii.

Koroboi Halisi

Mwana wa Kuletwa pole na hongera kwa saluni. Mimi ninae mmoja nyumbani, mtoto wa shemeji, na kweli ndio anaamka wa kwanza. Nilikuwa najua ana adabu.

Fundi Nondo

Wakuu nimerudi, mnisamehe siku tatu.

Ticha uliuliza. Jumanne anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anafagia mbele ya duka, anatoa toroli na mabomba nje, anakaa mpaka mimi nifike saa moja kasoro, anaenda shule kwa mguu. Akitoka saa tisa na nusu anakuja dukani tunafunga wote saa mbili usiku, ndio anakwenda kuoga na kula, ndio anafungua daftari. Binti akitoka shule anaenda tuisheni, 25,000 kwa mwezi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, akirudi anamalizia kazi zake mezani na mama yake yuko pembeni.

Nimeandika hiyo aya mara mbili nikafuta. Wakati naleta uzi huu niliandika mazingira yale yale na nilikuwa naamini kabisa, sikuwa nadanganya. Dukani nilikuwa najiambia anajifunza biashara, kesho na keshokutwa atakuwa na chake. Tuisheni nikalipia mmoja kwa sababu mmoja ndie aliyeomba, mwingine hakuomba, sasa kumbe.

Lile jaribio tulifanya jana usiku. Mke wangu ndie aliyesoma maswali, alichukua karatasi mwenyewe nadhani alitaka kunionyesha. Yalikuwa kumi. Anasoma Kiswahili chake pale, la redio lile, mfanyabiashara kauza redio kwa 48,000 akapata faida ya asilimia 20, alinunua bei gani. Dogo kaangalia juu kidogo, "elfu arobaini." Mke wangu akageuza karatasi kuangalia kama kuna jibu nyuma. Hakuna. Akamwuliza hapa kwenye mtihani mbona umeandika 28, dogo kasema nilichukua 48 nikatoa 20 kwa sababu ndio namba nilizoziona. Sasa hii "profit" ulidhani ni nini? Kasema alidhani ni jina la huyo muuza redio, Bwana Profit.

Tulicheka mpaka na yeye akacheka, halafu hakuna aliyeendelea kucheka.

Kati ya kumi alipata sita safi, moja alikosea kwenye kugawa, tatu za aljebra hajui kabisa hata kwa Kiswahili, kwa hiyo sio kwamba lugha ndio yote, kuna mahali kweli pengo lipo. Ila sita kati ya kumi sio kumi na moja kati ya mia. Mke wangu hajasema kitu cha ukoo wenu tena, alichosema ni "leta na ya Baiolojia", wakakaa mpaka saa nne.

Nimepata kijana wa kufungua duka asubuhi, elfu tatu kwa siku, inauma ila acha iume. Tuisheni anaanza Jumatatu, nimeongea na mwalimu awe anamweleza kwa Kiswahili kwanza. Ticha naomba unitajie kamusi ya kumfaa mtoto wa kidato cha pili, isiwe ile kubwa ya kuogopesha.

Na dada Mwana wa Kuletwa, leo asubuhi kaenda shule nikafungua begi lake la zamani. Nimehesabu madaftari. Matatu yamefutwa yakaandikwa juu, la Hesabu, la Historia na la Baiolojia, na hili la Baiolojia limechanika katikati kwa kufutwa, kalibandika na gundi yangu ya mabomba.